Pikipiki ya theluji imenikimbia ndani ya trela la boksi: naomba mnielekeze namna ya kufunga kabla sijaenda Grand Marais

BabaTumaini (Brooklyn Park, Minnesota)

Wakuu, salaam.

Kwa wasiozijua, pikipiki ya theluji haina magurudumu. Mbele ina skii mbili, yaani vipande virefu bapa vya kuteleza, zinazogeuzwa na usukani, nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozungushwa na injini, kama katapila. Mimi na shemeji yangu tumenunua mbili zilizotumika, pamoja na trela la boksi la futi 7 kwa 20, lenye ekseli mbili. Mlango wake wa nyuma unashuka chini na kuwa daraja la kupandishia. Nimeishi huku miaka kumi na moja, na kwa miaka tisa nilikuwa naitazama theluji kupitia dirishani. Sasa nimeipenda, wanangu wameipenda, na sitaki tuache kwa sababu ya kilichotokea.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunarudi kutoka Duluth kwa barabara ya I-35, giza limeshaingia, mwendo wa maili 60 kwa saa. Kulungu akakatiza. Nikakanyaga breki zote. Kulungu alipona na sisi tulipona, lakini nyuma nilisikia kishindo kikubwa, kisha cha pili. Tukaingia kituo cha mafuta kilichofuata. Kufungua mlango mdogo wa pembeni, harufu ya petroli ikanikaba. Pikipiki ya mbele ilikuwa imeegemea ukuta wa mbele, kioo chake kimepasuka, skii ya kulia imetoboa bati la ndani. Ya nyuma ilikuwa imeifuata mpaka skii zake zikaingia chini ya mkanda wa mwenzake.

Kila moja nilikuwa nimeifunga kwa belti nne za racheti, zile zenye mpini wa meno wa kukazia. Mbili mbele, zimeshika vishikio vya kwenye ncha za skii na kwenda kwenye pete za sakafuni. Mbili nyuma, kwenye bampa. Za nyuma nilizikaza mpaka springi zikalala kabisa, nikaamini haiwezi kwenda popote.

Wiki mbili zijazo tunataka kwenda Grand Marais, mji ulio kando ya Ziwa Superior, na watoto wawili. Trela halitoki uani mpaka nijue nilikosea wapi.

---

Fundi_Chesisi

Pole sana kaka, na tumshukuru Mungu mko salama. Kabla watu hawajaanza kukwambia ununue hiki na kile, nijibu jambo moja. Ulipofungua mlango, belti zilikuwa katika hali gani? Zimekatika, zimechomoka, au bado zimeshika ila zimelegea? Na hizo pete za sakafuni zimefungwa kwa nini?

---

BabaTumaini

Nimerudi kuangalia na tochi. Hakuna belti hata moja iliyokatika.

Pikipiki ya mbele: pete ya kulia imeng'oka na skrubu zake nne, plaiwudi imechanika. Pete ya kushoto iko mahali pake, lakini kulabu ya belti ilikuwa sakafuni, imejivua yenyewe. Za nyuma zote mbili zilikuwa bado zimeshika, ila zimelegea kiasi cha ngumi yangu kupita kati ya belti na bampa.

Pete nilizikuta na trela. Zimeshikwa kwa skrubu za mbao, ndani ya plaiwudi tu.

---

Utingo_Mstaafu

Hapo umeshajibu zaidi ya nusu ya swali lako mwenyewe. Una makosa mawili, na yalisaidiana: pete zimeshikwa kwenye plaiwudi tu, na belti umezifunga kwenye sehemu zinazocheza.

Mimi nilikuwa utingo wa malori ya Dar kwenda Tunduma kwa miaka minane kabla sijaja huku kuendesha. Tulikuwa tunapakia pikipiki mpya za Kichina na zilizotumika pia, zimesimama, kumi na mbili kwa lori. Bosi wetu wa kwanza alitufundisha kufunga kwa kamba ya katani kwenye kiti, kukaza mpaka springi zilale. Tukifika juu ya mlima Kitonga nusu ya kamba zimelegea. Kila safari. Tulikuwa tunalaumu kamba. Tukabadilisha, tukaweka za nailoni, hali ikawa mbaya zaidi, kwa sababu nailoni inanyumbuka na ikilowa inanyumbuka tena.

Mzee mmoja dereva wa Mbeya ndiye aliyetuonyesha. Alishika kiti cha pikipiki iliyofungwa akaikandamiza kwa uzito wake wote, akatuambia tuangalie kamba. Ikalegea. Akaachia, ikakaza. Akasema, "Hii pikipiki inapumua. Mnafunga kitu kinachopumua kwa kitu kisichopumua." Kila shimo la barabara ni pumzi moja. Springi ikibonyea zaidi ya pale ulipoikaza, belti inabaki bila kazi kwa nukta moja, na nukta hiyo inatosha kulabu kujivua.

Ya kwako ya theluji inapumua kuliko pikipiki ya kawaida, maana imetengenezwa kurukia matuta ya barafu. Shokapu zake zina safari ndefu, mbele na nyuma. Kwa hiyo swali si belti ngapi. Jiulize kwenye mashine hiyo ni kitu gani kisichopumua. Jibu ni skii. Skii ziko chini ya springi zote, zinalala sakafuni moja kwa moja. Ukizibana skii kwenye sakafu, mwili wa pikipiki unaweza kupanda na kushuka utakavyo na kifungo hakitasikia chochote.

Wewe ulizishika skii kwenye ncha, na ncha ya skii imepinda juu, haigusi sakafu. Belti ikivutwa pale, skii inanyanyuka kisigino na kucheza. Na kishikio chenyewe ni plastiki au bomba jembamba la kuinulia kwa mkono.

---

Kasuku_wa_Fargo

Mimi naona mnakuza mambo. Pikipiki zangu za kawaida nafunga kwenye usukani, belti mbili kulia na kushoto, nakaza mpaka foku za mbele zibonyee nusu. Miaka sita sijaangusha. Kwa nini usifanye hivyohivyo kwa hii?

---

Fundi_Chesisi

Kaka Kasuku, kwa pikipiki ya magurudumu mawili unachofanya ni sahihi, kwa sababu shida yake kubwa ni kuanguka upande, na usukani uko juu, unaizuia isilale. Pikipiki ya theluji haianguki upande. Imekaa kwa skii mbili zilizoachana inchi 42 au 43 kwa zile za njia za kawaida, pungufu kidogo kwa zile za milimani, na mkanda wa inchi 15 nyuma. Shida yake ni kuteleza mbele na kurukaruka mkia.

Tena usukani wake umeshikwa na bomba refu linaloshuka hadi kwenye vyuma vya kugeuzia skii. Halikutengenezwa kubeba mvuto wa kwenda chini kwa saa nne. Nimewahi kuletewa moja ambayo usukani ulikuwa umepinda kushoto na mwenyewe hakujua kwa nini inavuta upande mmoja kila akiiendesha.

Sasa BabaTumaini, nikueleze kifungo cha skii. Ni nondo bapa au bomba la chuma linalolala juu ya skii zote mbili kwa pamoja, limevishwa raba pale linapogusa skii. Katikati kuna bolti ndefu yenye mpini, inaingia kwenye tundu la sakafu lenye nati ya kudumu. Unaisokota, nondo inazikandamiza skii chini. Wenye maduka ya vifaa vya trela wanazo tayari, na kuna za aina ya mpini wa kukunja zinazobana kwa sekunde chache, bei juu kidogo. Zote zinafanya kazi. Muhimu ni mahali unapoilaza na mahali bolti inapoishia.

Ilaze mbele ya mguu wa skii, yaani ule mhimili unaotoka kwenye skii kwenda juu, kwenye sehemu iliyo bapa. Fikiria breki za ghafla: pikipiki inataka kwenda mbele, miguu ya skii inaikuta nondo na kusimama. Ukiondoka kwa nguvu, au gari likigonga trela kwa nyuma, pikipiki inataka kurudi, ncha zilizopinda zinaikuta nondo kwa upande wa pili. Nondo inakuwa kabari pande zote mbili, haitegemei kubana peke yake. Ukiilaza nyuma ya mguu, kwenye breki za kulungu wako skii zingeteleza chini yake.

Bolti isiishie kwenye plaiwudi. Hata plaiwudi ya robo tatu inchi ni sakafu ya kukanyagia tu. Chini yake kuna vyuma vya kukatiza vya chesisi, kwa kawaida kila inchi 16 au 24 kutoka katikati hadi katikati. Utaviona ukiingia chini, au fuata mistari ya skrubu za kiwandani juu ya sakafu. Tundu lako likiangukia kwenye chuma, vizuri. Likiangukia katikati ya vyuma viwili, weka chini kipande cha chuma cha pembe kinachovuka kutoka chuma kimoja hadi kingine, bolti ishike hapo. Kile kisahani kidogo cha chini ya nati (washa) kikiwa peke yake chini ya mbao kitazama kama kidole kwenye ugali.

Tumia bolti ya nusu inchi. Angalia kichwani: yenye mistari mitatu ni nzuri, yenye sita ni ngumu zaidi, isiyo na mstari wowote irudishe dukani. Na kabla hujatoboa, ingia chini uangalie nyaya za taa na za breki zinapita wapi.

---

BabaTumaini

Fundi, hii ya mbele ya mguu wa skii imeniingia akilini kabisa. Nimeenda kuigusa kwa mkono. Ningejiwekea nyuma bila kujua, maana ndiko kuna nafasi zaidi.

Halafu nyuma je? Niache kabisa kwenye bampa?

---

Utingo_Mstaafu

Nyuma bado unahitaji belti, lakini kazi yake imebadilika. Kuzuia isiende mbele sasa ni kazi ya nondo. Belti ya nyuma inazuia mkia usirukeruke na usisogee upande. Kwa hiyo funga mbili, kila moja kutoka kwenye bampa kwenda chini na kwa nje, moja kulia, moja kushoto, zifanye umbo la herufi V iliyogeuzwa. Au zipishane, ya kulia iende kushoto, kama nafasi ni ndogo. Zikaze mpaka mkia ushuke vidole viwili au vitatu, basi.

Usizilaze springi kabisa kama ulivyofanya. Ukizilaza kabisa, kila tuta linaingia moja kwa moja kwenye bampa na kwenye bati la juu ya mkanda, na bati hilo ni aluminiamu nyembamba. Ukiacha zimelegea, kulabu inajivua. Katikati ndiyo mahali pake. Kulabu nazo nunua zenye ulimi wa kufunga, zile ambazo hata belti ikilegea haziwezi kutoka.

Belti zenyewe soma kibandiko. Utaona namba mbili. Kubwa ni uzito wa kukatika, ndogo ni uzito wa kufanyia kazi, na ndogo ni theluthi moja ya kubwa. Watu wananunua kwa kusoma ile kubwa. Chukua za poliesta.

Kwa sisi wa malori ya biashara, sheria ya shirikisho inataka mzigo uhimili asilimia 80 ya uzito wake ukisukumwa mbele, na asilimia 50 ukisukumwa nyuma au upande. Wewe si lori la biashara lakini fizikia haijui leseni. Pikipiki yako ikiwa kilo 250 na mafuta yake, panga kifungo cha kuhimili kilo 200 kwenda mbele na 125 kwenda upande. Halafu jiulize skrubu nne za mbao zinashika kiasi gani.

---

Nyota_ya_Roseau

Naunga mkono kuhusu nyuma, ila niongeze. Wapo wanaosema badala ya bampa upitishe belti kwenye ekseli ya magurudumu madogo ya mwisho ndani ya mkanda, kwa sababu hapo nako hakupumui. Kimantiki ni kweli. Nimejaribu msimu mzima na nimeacha. Belti inasuguana na ukingo wa mkanda, na kama mkanda umepigiliwa misumari ya kushikia barafu, ile misumari inaikata polepole bila wewe kuona. Bampa ina kasoro zake lakini belti unaiona yote kwa jicho.

---

Uvira_Maine (Lewiston)

Ndugu zangu, mimi ni Mkongomani, niko huku Maine mwaka wa saba, nafanya kazi kwenye gereji inayotunza hizi mashini. Nimesoma yote na kuna kitu kimoja hakuna aliyekigusa, na nafikiri ndicho kilichomlegezea BabaTumaini belti za nyuma.

Kaka, siku ile mliendesha kutwa, sivyo? Mkaja jioni mkapandisha moja kwa moja?

---

BabaTumaini

Ndiyo. Saa kumi na moja jioni, baridi kali, watoto wamechoka. Tulizima, tukafunga, tukaondoka.

---

Uvira_Maine

Basi ndiyo hiyo. Mashini ikitoka njiani, ndani ya mkanda, kati ya springi na zile reli za kuteleza, inakuwa imejaa theluji iliyoshindiliwa mpaka ikawa barafu. Unaweza kutoa ndoo nzima. Wewe ukakaza belti, ukaona mkia hauendi chini tena, ukafikiri springi zimelala. Hazikulala zote. Sehemu ulikuwa unakaza juu ya barafu.

Kwenye nyingi ya hizi mashini maji ya kupoza injini yanapita kwenye bati la juu ya mkanda. Ukizima bado lina moto. Ndani ya trela hakuna upepo wa kuupoza, kwa hiyo moto unashuka, barafu inaachia vipande vipande, inaanguka. Mkia unashuka pamoja nayo. Belti iliyokuwa kama waya wa gitaa inakuwa kama kamba ya kuanikia nguo, na wewe uko barabarani.

Chini ya skii vilevile. Barafu ya unene wa kidole kati ya skii na sakafu ikiyeyuka, nondo yako ya Fundi Chesisi imelegea kwa unene huohuo.

Dawa yake: kabla ya kupandisha, inyanyue mkia kwa kishikio cha nyuma uuangushe mara mbili tatu, barafu kubwa inatoka. Kisha chukua kipande cha mti au nyundo ya raba, gonga na kwangua ndani. Chuma usitumie, utachana mkanda au bomba la maji. Skii zifute chini kwa brashi. Dakika kumi kwa kila mashini. Ikishapanda, funga, halafu kunywa chai dakika ishirini, rudi ukaze tena kabla ya kuondoka.

---

Fundi_Chesisi

Ndugu wa Uvira, asante sana. Nimefunga nondo hizi kwa wateja miaka yote na siku zote nimesema "kagua baada ya maili kadhaa" bila kujua sababu ni hiyo.

---

MamaKevo_MN

Hamjambo nyote. BabaTumaini, mimi nataka tuzungumze habari ya harufu ya petroli, kwa sababu umetaja watoto.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatulia sakafuni, unajaa pembeni, haupandi kwenye tundu la juu la trela. Kwa hiyo ukifungua ukakuta harufu, usiwashe swichi ya taa ya ndani, usiwashe hita, watoto wasisogee. Fungua mlango mkubwa wote, subiri upepo upite chini. Trela lako liwe na matundu ya hewa mawili, moja chini na moja juu, siyo la juu tu. Na kama pikipiki zenu ni za zamani za kabureta, mtakuta koki ya kufunga mafuta, mara nyingi chini ya boneti. Ifungwe kila safari. Bila koki hiyo, mtikisiko wa barabara unasukuma mafuta kupita kwenye kabureta hadi ndani ya injini.

La pili ni moshi. Watu wanaiwasha pikipiki ndani ya trela "ipate joto" kabla ya kushusha, milango imefungwa nusu kwa sababu ya baridi. Hewa ya sumu ya injini haina harufu wala rangi, na boksi la futi 7 kwa 20 linajaa haraka sana. Washa ukiwa tayari kuitoa, iwake, itoke. Kupandisha vilevile: ingia, zima, toka. Mtoto asikae ndani kuelekeza. Mimi ni muuguzi wa dharura. Hili nawaomba mlishike.

La tatu, na hili mume wangu lilimfika. Msipandishe kitu chochote trela likiwa halijaungwa kwenye gari. Uzito ukifika mkiani, mkono wa mbele wa trela, ule unaoungwa kwenye gari, unanyanyuka, trela linakaa chini kama mbuzi, na wewe uko katikati ya daraja na mashine ya kilo 250. Mliunge kwanza, pini ya usalama, minyororo miwili, kabari kwenye matairi, ndipo mlango ushuke.

---

Nyota_ya_Roseau

Dada MamaKevo kasema kweli tupu. Niongezee kwenye kupandisha. Kiongeza mwendo cha hizi pikipiki, yaani gesi, unakibonyeza kwa kidole gumba. Ukiwa umevaa glovu nene na daraja limeganda, mkanda unateleza, unaongeza gesi, ghafla unashika, pikipiki inaruka hadi ukutani. Bandika raba za kukamata katikati ya daraja na kwenye njia ya mkanda ndani, na vipande vya plastiki ngumu pale skii zinapopita, kwa sababu vyuma vya chini ya skii vinachimba mbao na kuzigeuza upande vinavyotaka. Ile kamba ya kuzimia injini (ikichomoka, injini inazima) ivae mkononi hata kwa safari ya futi ishirini. Ikiwa shemeji hajazoea, tumieni winchi ya mkono. Haina haraka lakini haikurushi.

Mimi niko Roseau kabisa, mji huu Polaris walianzia hapa miaka ya 1950 na bado wanaunda hapa. Watoto wa huku wanaendesha kabla ya kujua baiskeli, na hata wao kwenye daraja la trela wanakwenda taratibu.

---

BabaTumaini

MamaKevo, nimekuelewa, na mke wangu amesoma ujumbe wako mara mbili. Pikipiki moja ni ya kabureta. Koki ipo. Nilikuwa siijui.

Swali langu la mwisho ni la uzito. Nikibeba zote mbili, moja mbele ya nyingine, trela linatulia. Siku niliyobeba moja peke yake niliiacha karibu na mlango wa nyuma ili iwe rahisi kushusha, na kwenye maili 55 trela likaanza kupepesuka kulia na kushoto. Nilipunguza mwendo likaacha. Ni upepo?

---

Utingo_Mstaafu

Si upepo, mkuu. Upepo unachokoza tu. Mkono wa trela ulikuwa mwepesi.

Uzito unaokalia ule mpira wa chuma wa kuungia trela nyuma ya gari unatakiwa uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Tuseme trela tupu kilo 900, pikipiki mbili 500, mafuta, helmeti na masanduku 100. Jumla 1,500. Mkono ubebe kati ya kilo 150 na 225. Ukiweka pikipiki moja mkiani, nyuma ya ekseli, inafanya kazi kama mtoto kwenye ncha ya pembea ya ubao: inanyanyua mkono wa trela. Pikipiki ikiwa moja iende mbele, katikati ya uzito wake ipite kidogo mbele ya ekseli. Toboa matundu ya nondo mahali matatu badala ya mawili, na hilo la tatu liwe la siku ya pikipiki moja. Masanduku ya vifaa nayo yakae mbele.

Likipepesuka tena usikanyage breki za gari kwa nguvu. Toa mguu kwenye gesi, shika usukani umenyooka, na kama una kidude cha kuongoza breki za trela, bonyeza hicho peke yake taratibu. Na kwa uzito huo trela lako lazima liwe na breki zake. Hapa Minnesota ni kuanzia paundi 3,000, yaani kama kilo 1,360, na kilo 1,500 zimeshapita hapo.

Sisi kwenye malori tunatakiwa kukagua mzigo ndani ya maili 50 za kwanza, kisha kila maili 150 au saa tatu, linalotangulia. Fuata hivyohivyo. Ukisimama, shika nati za tairi kwa spana na gusa vitovu vya magurudumu kwa mgongo wa mkono. Kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake, beringi inakufa.

---

Kasuku_wa_Fargo

Nimesoma hadi hapa na nimekubali. Kesho nakwenda kuangalia pete zangu zimeshika nini chini.

---

BabaTumaini (siku kumi na tisa baadaye)

Wakuu, nimerudi na nimeona si vizuri kunyamaza.

Nimeng'oa pete zote za zamani. Nimeweka nondo mbili na matundu matatu. Matundu mawili yaliangukia kwenye chuma, la tatu nimelipitishia chuma cha pembe kama alivyosema Fundi. Nyuma pete mpya zenye bamba la chuma chini ya sakafu, bolti za kupita moja kwa moja. Belti nne za poliesta zenye kulabu za ulimi. Raba darajani. Tundu la hewa la pili, chini kushoto. Tairi, beringi na taa nimepeleka kwa fundi.

Tukaenda Grand Marais Ijumaa. Ile njia ya pikipiki za theluji ya pwani ya kaskazini inayotoka Duluth ina maili 146, hatukuimaliza hata robo, lakini Jumamosi asubuhi tulisimama mahali ambapo Ziwa Superior lote linaonekana chini kupitia misonobari, na kijana wangu wa miaka tisa akazima injini mwenyewe bila kuambiwa, ili tusikilize.

Jumapili kabla ya kupandisha tulifanya ya ndugu wa Uvira. Barafu iliyotoka kwenye mkanda wa pikipiki moja ilijaza beseni la kuogea mtoto. Tukafunga, tukanywa chai kwenye gari. Dakika ishirini na tano. Nikarudi: nondo ya mbele ilikubali nusu mzunguko, belti za nyuma zilikubali meno mawili ya racheti kila moja. Nikasimama mjini Silver Bay, nikafungua nikitegemea kukuta zimelegea tena. Hazikuwa zimelegea. Duluth vilevile. Nyumbani tulifika saa tatu usiku, nikafungua mlango mkubwa nikauacha wazi, nikashika nondo kwa mikono miwili nikaitikisa. Trela zima ndilo lililotikisika.

Shemeji anauliza kama zile skii ziachwe zimebanwa wiki nzima mpaka safari nyingine, au zilegezwe.

---

Uvira_Maine

Nimefurahi sana kaka, hasa hilo la kijana kuzima injini. Legezeni belti za nyuma ili springi zipumzike. Nondo iacheni imebana tu, haiumizi kitu. Mlango muuache wazi siku moja ikauke, na maji ya chumvi ya barabarani muyaoshe chini ya trela, yanakula vyuma vile mlivyofunga juzi.